Kinanda na litungu havipatani, je nihamie noti 31?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi napiga kinanda kwaya hapa Igoma, na Jumamosi napiga na kikundi cha ngoma za asili, tuna litungu la nyuzi 8, zeze na ndono. Kila nikiingia na kinanda muziki unakuwa kama unagombana, wazee wananiambia nizime. Nimeona video jamaa anasema tuni ya Kizungu ya noti 12 ni ya uongo, eti oktava ukiigawa mara 19 au 31 au 53 ndo inakuwa safi. Ni kweli? Ninunue kinanda cha hivyo? Na kama ni kweli, ipi ni bora?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza hongera kwa sikio, maana kuna watu wamepiga kinanda kanisani miaka na miaka hawajawahi kuusikia huo ugomvi, wao wanajua tu wazee wa ngoma ni wagumu basi. Wewe umeusikia na ukauliza, na hilo swali mi ninalo kifuani tangu zamani kabla hujaniandikia, kwaiyo nitakujibu kwa kirefu, kaa vizuri na kinanda chako kiwe karibu.

Jibu lenyewe nalitanguliza: usinunue kinanda kingine, na usihamie noti 31 kwa ajili ya litungu. Noti 12 ni makubaliano, noti 31 nazo ni makubaliano, na kila makubaliano yana anayenufaika na anayeumia. Kwenye kikundi chenu anayeumia ni mzee wa litungu, na huyo humsaidii kwa kumuongezea noti, unamsaidia kwa kukileta kinanda pale alipo yeye. Hilo linawezekana kwa vitufe hivohivo ulivyonavyo, nitakuonyesha namba kabisa.

Tuanze na kipimo. Umbali kati ya sauti na sauti unapimwa kwa senti, Mwingereza Alexander Ellis ndo alizitumia mwaka 1885 kulinganisha skeli, yani ngazi za noti, za mataifa mbalimbali. Oktava nzima, yani do ya chini mpaka do ya juu, ni senti 1200. Kinanda chako kinaigawa vipande 12 vilivyo sawa, kila nusu toni senti 100, hamna kitufe kinachopendelewa. Kwa hesabu ya mitetemo, A ya katikati inatetemeka mara 440 kwa sekunde, A ya juu yake 880, na kutoka kitufe kwenda kitufe unazidisha kwa 1.0595 kama hivi, ukifanya mara 12 unakuwa umefika. Huo ndo mgawanyo sawa. Ukigawa 19 nao ni mgawanyo sawa, 24 hivohivo, 31 hivohivo, ila hivyo vipande vikiwa vidogo kuliko nusu toni ndo watu wanaviita maikrotono.

Sasa ichukue ile ndono yenu, maana hiyo ndo mwalimu mkubwa kuliko mimi. Upinde, waya mmoja, kibuyu. Mpigaji anafungua na kufunga mdomo wa kibuyu kifuani kwake, waya ni uleule lakini unasikia sauti nyembamba zinachomoza juu, moja, nyingine, nyingine. Hizo hakuna mtu aliyezitunga. Waya unatetemeka wote, na wakati huohuo unatetemeka kwa nusu, kwa theluthi, kwa robo, sehemu ya tano, ya sita, ya saba, kwaiyo ndani ya sauti moja kuna ngazi nzima imejificha na kibuyu kinaichambua. Sauti ya 3 ukiilinganisha na ya 2 unapata so juu ya do, umbali wake senti 702. Ya 5 na ya 4 unapata mi, senti 386. Ya 7 na ya 4 unapata te fulani tamu sana iliyolala chini, senti 969.

Linganisha na kinanda. So ya kinanda iko 700, imepungua 2, hizo hamna sikio la kugombana nazo. Mi ya kinanda iko 400, imezidi 14. Te hiyo, yani B flati ukianzia C, iko 1000, imezidi 31. Kwaiyo huyo jamaa wa kwenye video ana hoja, mi ya kinanda kweli imepanda, na wala huhitaji kumwamini mtu, weka sauti ya ogani isiyo na mtikisiko wowote, bonyeza C ya katikati na E ya juu yake, shikilia. Utasikia kitu kinapwita ndani, wawawawa, haraka haraka. C ni 261.6 na E ya kinanda ni 329.6, lakini E ya asili ingekuwa 327.0, zile sauti zao za juu zinakaribiana bila kulingana ndo zinapishana mara kumi hivi kwa sekunde. Alafu bonyeza C na G, pametulia, mpwito ni wa polepole sana. Hiyo tofauti ukishaisikia mara moja haitoki tena kichwani.

Basi kwanini watu wenye akili zao wakakubali mi iliyopanda? Hapa ndo video nyingi zinaruka, na hapa ndo utamu wenyewe ulipo.

Anza na C, panda so moja safi unafika G, panda nyingine unafika D, alafu A, E, B, endelea hivo mara 12. Kwa kuhesabu vitufe utakuwa umerudi C, oktava 7 juu. Lakini kwa mitetemo hujarudi. So safi ni kuzidisha kwa moja na nusu, na moja na nusu ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe mara 12 unapata 129.75, wakati oktava 7 ni 128 kamili. Umepitiliza kwa senti 23 na nusu. Ni kama seremala amekata mbao 12 za ngazi, kila moja kaipima sawasawa kabisa, akifika juu ngazi imepita ukuta. Mbao hazina kosa, ukuta hauna kosa, hesabu za 3 na hesabu za 2 hazikutani popote mpaka mwisho wa dunia. Kwaiyo lazima mtu apunguze mahali. Mgawanyo wa 12 unapunguza kila so kwa senti 2, kidogo kidogo, mpaka ngazi inakaa. Mchina Zhu Zaiyu alishaipiga hiyo hesabu mwaka 1584, na Ulaya Simon Stevin naye akaifikia karibu na wakati huohuo.

Ukisema hapana, mi nataka usafi, basi tuni kinanda chako kiwe safi kwenye kii ya C, yani C ikiwa ndo do. D unaongeza senti 4, E unatoa 14, F unatoa 2, G unaongeza 2, A unatoa 16, B unatoa 12. Mi niliwahi kufanya hivo kwenye kwaya moja, nikaona nimewaletea zawadi. Wimbo wa kwanza ulikuwa kii ya C, aisee, asali, watu waligeuka kuangalia kinanda kama kimebadilishwa. Wimbo wa pili ulikuwa kii ya D. Sasa angalia, D imekaa 204 na A imekaa 884, umbali wao ni 680 badala ya 702, hiyo so imekosa senti 22 na inalia kama mlango wa kutu. Waimbaji wakashindwa kushika, mwimbishaji akasimamisha, na walikuwa na haki. Kwaya zetu zinahama kii kila wimbo, na beti la mwisho mnapandisha nusu toni kwa shangwe, kinanda kilicho safi kwenye kii moja kinawaacha barabarani. Hiyo ndo kazi ya 12, inakuruhusu kuhama popote na kila kii iwe na ubaya mdogo uleule. Kwa kwaya yako ya Jumapili mi nakushauri kabisa, baki hapohapo.

Tena nikuongezee jambo, ukisikia kwaya yenu bila kinanda inashuka polepole mpaka mwisho wa wimbo, mara nyingi ni pumzi na uchovu, lakini kuna sababu nyingine haisemwi. Waimbaji wenye masikio wanavuta kodi, yani noti kadhaa zinazolia pamoja, ziwe safi bila hata kujua, na ukizunguka do, la, re, so, do huku kila kodi ikiwa safi na ile noti ya pamoja ikishikiliwa, ukirudi do inakuwa imeshuka senti 21 na nusu. Zungusha mara nne na umeshuka karibu nusu toni. Usiwagombeze wote kwamba hawafanyi mazoezi.

Haya, sasa tuje kwenye hizo namba zako.

24 ni rahisi, ni 12 iliyopasuliwa kila kipande katikati, senti 50 kila kimoja. So ni ileile 700, mi ni ileile 400, kwaiyo kama shida yako ilikuwa mi iliyopanda, 24 haijakusaidia kitu. Inachokupa ni zile sauti za katikati wanazotumia Waarabu, mi ya 350 na nyingine za aina hiyo, ndo maana wapiga ganuni na udi kule Zanzibar wana sauti ambazo kinanda cha kawaida hakizitoi. Na hata hapo vidole vya mpigaji udi haviendi kwenye 350 kamili, vinapanda na kushuka kufuatana na makamu (skeli ya Kiarabu) na shule aliyotoka. Ukiwahi kuitwa kupiga taarabu, makamu ya rasti kutoka C, shusha E na B senti 50 kila moja. Vitufe viwili tu, huhitaji vitufe 24.

19 kila kipande ni senti 63 hivi. Mi inakuwa 379, imepungua 7, so inakuwa 695, nayo imepungua 7, ila ile do kwenda mi ya huzuni, ya kodi za maina, inakuwa karibu safi kabisa, 315.8 wakati ya asili ni 315.6. Wapiga gitaa wanaoipenda 19 wana sababu ya vidole pia, freti zinakuwa bado zina nafasi ya kubonyeza.

31 hii mi naipenda, nakiri. Kipande ni senti 38.7. Mi inakuwa 387, yani imekosa chini ya senti moja, kodi inatulia kama ziwa alfajiri kabla upepo haujaamka. Te ya ndono, ile ya 969, 31 inaitoa 968. Inalipia kwenye so, 697, imepungua 5, mpwito unausikia kidogo. Na unahama kii kokote unakotaka kama kwenye 12. Christiaan Huygens, yule mwanasayansi wa Uholanzi, aliiandikia mwaka 1691, na Mholanzi mwenzake Adriaan Fokker, mwanafizikia, akasimamia ogani nzima ya noti 31 iliyowekwa jumba la makumbusho la Teylers mjini Haarlem mwaka 1950. Kwaiyo sio mambo ya video za juzi.

53 ndo ya wapenda hesabu. So imekosa chini ya sehemu ya kumi ya senti moja, mi imekosa 1.4. Waturuki nadharia yao ya muziki imejengwa juu yake, toni moja nzima wanaihesabu vipande 9. Ila kinanda cha oktava 5 kingetaka vitufe 265, na mikono yako ni miwili.

Sasa nikuulize, hizo zote zinagombania nini? Zinagombania so ya 702 na mi ya 386, na 31 inagombania na te. Zote zinajibu swali moja, nani anakaribia zaidi ngazi ya waya, ngazi ya ndono. Ni swali zuri kwa kwaya, kwa ogani, kwa vinanda, kwa chochote kinachoshikilia kodi ndefu. Lakini litungu la mzee wako halikuulizwa hilo swali.

Nitakwambia kosa nililofanya mwenyewe. Miaka ya nyuma nilikuwa narekodi hapa Mwanza, akaja mzee wa litungu kutoka Tarime, mkono mtamu ajabu. Nikaweka programu ya kutuni kwenye simu, nikamvutia nyuzi zote 8 mpaka mshale ukakaa katikati, nikaona nimemfanyia wema. Akaanza kupiga. Vidole ni vilevile, wimbo ni uleule, na wimbo ulikuwa umekufa. Akiimba sauti yake inarudi kwao, litungu linabaki kwangu, wanapishana. Beti ya pili akaacha, akaliweka chini taratibu, akasema hili sio litungu langu. Ile kazi sikuitoa mpaka leo, na nikimkumbuka inaniuma, maana yeye ndo alikuwa kwenye tuni na mimi ndo nilimtoa.

Kuanzia siku hiyo nikaacha kuuliza noti ngapi, nikaanza kuuliza nani ametuni kwa ajili ya nini.

Na hapa ziwa letu lina jibu ambalo hizo video hazina. Nenda ng'ambo, kaskazini kule Buganda na Busoga. Klaus Wachsmann, aliyekuwa mtunzaji wa makumbusho ya Uganda pale Kampala, alipima ala za kule, na mwaka 1950 akaandika juu ya kinubi cha Waganda, ennanga (sio enanga ya Wahaya wa Bukoba, jina linakaribiana lakini ile ya Bukoba inalala kama sinia), kinubi kilichotuniwa kwa hatua zinazolingana. Oktava wanaigawa mara 5, kila hatua karibu na senti 240, na amadinda, zile mbao 12 wanazokaa watu watatu kuzipiga, nazo zinaelekea hukohuko, ingawa kipimo kinachezacheza kati ya ala na ala. Umeelewa hiyo ni nini? Ni mgawanyo sawa. Wa ziwa letu. Na moja ya faida zake ni ileile ya kinanda chako, kuhama, maana wapigaji wa amadinda wanauhamisha wimbo ubao mmoja mmoja, wanaita miko, na kwa kuwa hatua zinakaribiana kulingana wimbo haupotezi sura.

Sasa iweke 240 kwenye kinanda chako cha kawaida, jirani zake ni 200 na 300, bora zaidi umekosa 40. Hiyo ni karibu mara tatu ya kosa la mi linalolalamikiwa dunia nzima. Jaribu 31, ina 232 na 465 wakati unataka 240 na 480, umekosa 8 na 15. Jaribu 53 yenye vipande vingi kupita wote, ina 249, bado umekosa 9. Yani kwa muziki wa Buganda, 5 inazishinda 31 na 53. Noti chache, zilizo mahali pake.

Kuna mtu atasema lakini 240 na 480 hazina so safi wala mi safi, kwaiyo ni mbaya. Hapana. Ubao wa amadinda hautetemeki kama waya, sauti zake za juu hazipangiki 2, 3, 4, 5, zinakaa kwenye namba zake nyingine, na sauti yenyewe inakatika upesi. Ule mpwito uliousikia kwenye ogani unatokana na sauti za juu zilizopangika na kushikiliwa. Ubao hauna hilo tatizo, kwaiyo haulazimiki na dawa yake. Kinanda chako kikiwa kwenye sauti ya ogani pembeni ya ala kama hizo, kinaleta ugomvi ambao haukuwepo.

Na usidhani kwetu kote ni 240. Wagogo wa Dodoma wako kinyume kabisa, kuimba kwao na ilimba zao, zile ala za vidole gumba alizozipeleka duniani mwanamuziki marehemu Hukwe Zawose, zinafuata ile ngazi ya waya wenyewe, karibu na sauti ya 6, 7, 8, 9, 10, pamoja na ile te ya 969 ambayo kinanda kinaikosa kwa 31. Kwaiyo ndani ya nchi moja na majirani wake una watu wanaogawa sawa na watu wanaofuata waya, na wote hawako kwenye 12. Ila 12 nayo imezaa matunda hapahapa ziwani, benga ya upande wa Nyanza kule Kenya ilichukua mchomo wa nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo, ikauweka kwenye gitaa lenye freti za kawaida, na hakuna anayesema benga haichezeki. Ila pale gitaa lilikuwa na wimbo wake, halikukaa juu ya nyatiti kuigombeza.

Basi tufanye kazi. Angalia kama kinanda chako kina sehemu ya skeli tuni, Yamaha na Korg nyingi za daraja la kati wanayo, vile vidogo kabisa mara nyingi havina. Inakuruhusu kupandisha au kushusha kila noti kati ya zile 12, mara nyingi mpaka senti 60 na kidogo kila upande.

Zoezi la kwanza, la kuzoesha sikio, fanya leo. Vitufe vyeusi viko 5. F shapu toa 40, G shapu acha sifuri, A shapu ongeza 40, C shapu toa 20, D shapu ongeza 20. Vyeupe usiviguse. Chagua sauti ya marimba, alafu piga vyeusi tu, polepole, panda na kushuka. Hapo una hatua 5 za senti 240 kila moja, umekaa ng'ambo ya ziwa. Siku ya kwanza utaona kama kinanda kimeharibika, siku ya tatu sikio litaacha kutafuta do na mi, litaanza kusikia hatua.

La pili, la Wagogo, weka C sifuri, D ongeza 4, E toa 14, G ongeza 2, B flati toa 31. Piga hizo tano tu. Alafu muite mpigaji wa ndono akae pembeni apige, na uone uso wake.

Alafu litungu. Usimguse mzee. Mwambie atuni mwenyewe kama anavyotuni siku zote, aimbe kidogo mpaka aridhike, usimharakishe hata kama inachukua nusu saa. Akishasema tayari, washa programu ya kutuni kwenye simu, apige uzi mmoja mmoja, wewe unaandika, mfano uzi wa kwanza unasoma G shapu imezidi 32, wa pili B imepungua 15, mpaka wa nane. Hizo namba unaziingiza kwenye skeli tuni vilevile zilivyo. Nyuzi mbili zikiangukia jina moja la noti, moja mpe kitufe cha jirani na umvute. Uzi wa chini na wa juu yake wasipolingana oktava kamili, fuata ule anaoimbia zaidi na wa pili muachie yeye, usiupige kabisa. Na kila onyesho pima upya, maana nyuzi zinalegea kwa jua na kwa unyevu wa ziwa, tuni ya saa nne asubuhi sio ya saa kumi.

Zeze ni habari nyingine. Kidole kinateleza, mpigaji mzuri hakai mahali pamoja, mi ya kupandia sio mi ya kushukia. Hapo usithubutu kumfuata kwa melodi, utaonekana unamsahihisha. Shikilia do yake, na so kama anayo, kwa sauti ya chini, basi. Na kwa kikundi chote acha kodi za noti tatu, hizo ndo zilikuwa zinawaudhi wazee, kodi ya C E G inawalazimisha wote waishi kwenye nyumba ambayo hawakuijenga. Piga noti moja moja, mistari mifupi inayojibizana na litungu, sauti inayokatika upesi kama marimba au gitaa la naironi, sio ogani wala vayolini za kuvuta.

Kama kinanda chako hakina skeli tuni, kiunganishe na kompyuta na utumie programu ya sauti inayoitwa Surge XT, ni ya bure na inasoma faili za Scala, ambazo ni maandishi ya kawaida tu yenye orodha ya senti, unaweza kuandika tuni ya litungu la mzee wako mwenyewe ukaihifadhi kwa jina lake. Humohumo pia unaweza kuonja 31, na nakuomba uonje, maana ukija kutunga nyimbo zako mwenyewe zenye kodi, itakufungulia mlango. Kati ya 19, 31 na 53 mi nakuchagulia 31, namaanisha kwa utunzi wako, sio kwa Jumamosi.

Jumamosi hii nenda mapema kabla wenzako hawajafika, wewe na mzee tu, na daftari. Hizo namba 8 ukishaziandika nitumie, uniambie na uzi upi anaanzia wimbo, nitakupangia vitufe.